Aliyeihesabu Nafsi Yake: Maisha ya Kleist Sykes

Ndugu msomaji, katika sura Al-Qiyama Kurani Tukufu yaitaja nafsi ijilaumuyo, nafsi lawwama. Hiyo ndiyo hatua ya kati katika safari ya roho: mtu ameacha kuburutwa na mazoea, lakini hajapata utulivu. Husimama, hujiuliza, kisha hugeuka. Yatakufaa kuyatazama kwa jicho hilo maisha ya Kleist Sykes, mkazi wa Dar es Salaam, ambaye Mtaa wa Kipata, usio mbali na Msimbazi, sasa unaitwa kwa jina lake.

Alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyeletwa kutoka Msumbiji kuwa askari katika jeshi la Hermann von Wissmann, lililokuja kuzima vita vya Abushiri. Basi mtoto alirithi jeshi kama wengine wanavyorithi shamba. Hata jina alilopewa lilikuwa la Kijerumani. Alipokua akavaa sare ileile, na katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 alipigana chini ya von Lettow-Vorbeck. Fikiri, ndugu: Mwafrika akampiga risasi Mwafrika mwenziwe, huyu kwa ajili ya Kaisari, yule kwa ajili ya Mfalme wa Uingereza, na ushindi, uwe wa nani, haukuwa wao.

Vita vikaisha, watawala wakabadilika, naye akaajiriwa katika Reli. Alikaa jirani na Kariakoo, mahali ambapo jina lake lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza waliobebeshwa mizigo ya vita vile.

Mwaka 1924 alifika mjini mwalimu James Aggrey wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, pamoja na tume iliyochunguza elimu ya Waafrika. Kleist alionana naye, na katika maandishi yake ameeleza kuwa hapo ndipo alipopata shauri la Waafrika kuungana. Shauri hilo halikuzaa siku ileile. Ilipita miaka 5. Mwaka 1929 African Association ikaasisiwa, rais wake Cecil Matola, Mkristo, na katibu wake Kleist, Mwislamu. Wala hakuisahau dini yake: mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Al Jamiatul Islamiyya, iliyoshughulikia elimu ya watoto wa Kiislamu.

Siri za moyo azijua Mwenyezi Mungu. Sisi twaujua mti kwa matunda yake. Aliyezaliwa katika jeshi la kuwatiisha Waafrika akawa katibu wa chama cha kuwaunganisha.

Alifariki mwaka 1949, akiwa ameandika habari za maisha yake, yaani amejihesabu kabla ya kuhesabiwa. Mwaka 1954 wanawe wawili, Abdulwahid na Ally, walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU.

Nawe, ndugu unayeitafuta kweli, usiogope kujiuliza. Itikadi iliyorithiwa bila kuchunguzwa ni kama sare: mwili waivaa, moyo hauijui. Jiulize unamtumikia nani, na kwa nini. Jibu likichelewa, subiri. Likifika, litende, kwani majuto yasiyozaa tendo hayamvushi mtu mto.

Mwenyezi Mungu atujalie nafsi zijihesabuzo, kisha azitulize kwa radhi Yake. Amin.