Apolo Kivebulaya na Mkuki Uliolala Majanini

Mwezi uliopita kengele yetu hapa Butihinda ilidondoka. Mnaijua, ile ringi ya lori tuliyoitundika mtini kwa waya. Waya ulikuwa umeliwa na kutu, na watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wametoka chini yake muda si mrefu. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Wazee walipokaa kulizungumza, mmoja alimtaja Apolo Kivebulaya, na vijana wengi hawakumjua.

Apolo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Alibatizwa mwaka 1895. Jina Kivebulaya, yaani kilichotoka Ulaya, alilipata kwa sababu ya koti jekundu la askari alilokuwa akivaa. Mwaka 1896 alitumwa ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, akafika Mboga, ambayo ndugu zetu wa Ituri wanaiita Boga. Huko chifu Tabaro alichukizwa na mafundisho yake.

Ndipo likatokea jambo zito. Wakati wa kazi ya ujenzi, mkuki wa Apolo ulikuwa umelala majanini. Dada yake Tabaro aliuangukia, akafa. Apolo alishtakiwa kwamba ameua, akapelekwa Toro na kutiwa gerezani. Sisi tunasadiki hakukusudia kuua, na baadaye aliachiliwa. Lakini mkuki ulikuwa wake, na mama yule hakurudi. Wanaosimulia maisha yake hupenda kulipita jambo hili haraka ili wafike kwenye maono aliyoyapata gerezani, alipomwona Bwana akimtia moyo arudi kazini. Sisi tumeona tulikawie kidogo.

Alirudi Mboga, kwa watu wale wale waliokuwa wamezika. Huo, kwa maoni yetu, ulikuwa ujasiri mkubwa kuliko kuvuka milima. Hata Tabaro mwenyewe alibatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Hakuoa. Alihudumu miaka mingi Toro, kisha mpaka ulipobadilishwa na Mboga kuwa upande wa Kongo ya Wabelgiji, alirudi huko akakaa. Tangu mwaka 1921, akiwa mtu mzima mwenye miaka zaidi ya hamsini, aliingia msituni kuwahubiri Wambuti. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kwa ombi lake alizikwa kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwani kazi ya huko ilikuwa haijaisha.

Kuhusu kengele: sasa imefungwa kwa mnyororo juu ya nguzo mbili, mbali na njia ya watoto. Anayepiga husimama kando, si chini yake. Kila Jumamosi jioni mashemasi huukagua mnyororo na kuutikisa kabla ya ibada ya kesho. Mwenye mnyororo mwingine wa akiba amwone mzee wa kanisa.