Jim Gray

Jim Gray (jina kamili: James Nicholas Gray, alizaliwa San Francisco, California, 12 Januari 1944 - alipotea baharini 28 Januari 2007) alikuwa mtaalamu wa kompyuta kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu miamala katika hifadhidata na namna ya kurejesha data baada ya seva kuzimika ghafla au diski kuharibika. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote katika sayansi ya kompyuta.

Maisha ya awali

Baba yake alikuwa mwanajeshi na mama yake mwalimu. Miaka yake ya kwanza aliishi Roma, Italia. Baadaye wazazi wake waliachana, naye akakulia San Francisco pamoja na mama yake. Alisoma katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akapata shahada ya kwanza mwaka 1966. Mwaka 1969 alikuwa mtu wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika idara ya sayansi ya kompyuta ya chuo hicho.

IBM na System R

Katika miaka ya 1970 Gray aliajiriwa na kampuni ya IBM, akashiriki mradi wa System R huko San Jose. Mradi huo ulijenga hifadhidata ya majaribio kwa kufuata nadharia ya Edgar F. Codd, na ndimo ilimozaliwa lugha ya SQL.

Tatizo alilolishughulikia Gray linaeleweka kwa mfano wa benki. Pesa zikihamishwa kutoka akaunti moja kwenda nyingine, kompyuta hufanya mambo mawili: inapunguza huku na kuongeza kule. Umeme ukikatika katikati, pesa zimeshatoka lakini hazijafika. Nakala rudufu ya usiku uliopita haitoshi kuokoa hali hiyo, kwa sababu haina chochote kilichofanyika tangu ilipochukuliwa.

Gray alieleza kwamba kazi kama hiyo ihesabiwe kuwa muamala mmoja: ama hatua zake zote zimekamilika, ama hakuna hata moja iliyofanyika. Ili hilo liwezekane, seva huandika kila badiliko kwanza katika faili maalumu, yaani daftari la mabadiliko, kabla ya kugusa data zenyewe kwenye diski. Seva inapowashwa upya baada ya ajali, husoma daftari hilo. Miamala iliyokuwa imethibitishwa hurudiwa, na iliyoachwa katikati hufutwa. Kama diski yenyewe imekufa, huchukuliwa nakala rudufu ya mwisho, kisha mabadiliko yote ya daftari hurudiwa juu yake hadi kufikia dakika ya mwisho kabla ya hasara. Ndiyo maana daftari na data havifai kuwekwa kwenye diski moja.

Madaftari ya aina hiyo yalikuwepo tayari, kwa mfano katika mfumo wa IMS wa IBM. Mchango wa Gray ulikuwa kuyapa kanuni zinazoweza kufundishwa na kuthibitishwa. System R yenyewe ilichanganya daftari na kurasa za kivuli, yaani ukurasa wa zamani kutunzwa hadi mpya ukamilike. Katika makala ya mwaka 1981 Gray na wenzake walikiri wazi kwamba kwa hifadhidata kubwa ingekuwa afadhali kutegemea daftari peke yake. Hifadhidata nyingi za leo zimefuata njia hiyo.

Tandem

Mwaka 1980 alihamia Tandem, kampuni iliyouza kompyuta zilizoendelea kufanya kazi hata sehemu moja ikiharibika. Mwaka 1985 alitoa ripoti kuhusu sababu za kompyuta hizo kusimama. Wengi wangedhani lawama ni ya vifaa, lakini vilichangia asilimia 18 tu. Programu zilichangia asilimia 25, na usimamizi wa watu, yakiwemo matengenezo na mipangilio, asilimia 42. Kwa msimamizi wa seva, hayo pengine ndiyo matokeo yake yenye manufaa zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitoa pamoja na Andreas Reuter kitabu kikubwa kuhusu uchakataji wa miamala, ambacho bado kinasomwa vyuoni.

Microsoft

Kuanzia mwaka 1995 alifanya utafiti katika kampuni ya Microsoft. Alishiriki kujenga TerraServer, iliyoweka picha za ardhi kwenye intaneti, na pamoja na mwanaastronomia Alex Szalay alipanga hifadhidata ya picha za anga za mradi wa Sloan. Data zilipokuwa nyingi mno kwa mtandao, alipendekeza kutuma diski kwa posta, na hesabu zake zilionyesha kwamba ilikuwa nafuu zaidi.

Kupotea

Tarehe 28 Januari 2007 Gray alisafiri peke yake kwa mashua yake ya tanga, Tenacious, kwenda visiwa vya Farallon karibu na San Francisco kumwaga majivu ya mama yake. Hakurudi, na hakuna ishara ya dharura iliyopokewa. Walinzi wa pwani walimtafuta kwa siku kadhaa. Marafiki zake walipata picha za satelaiti za bahari, wakazigawa kwa maelfu ya watu wa kujitolea kupitia intaneti ili wazikague. Sakafu ya bahari pia ilichunguzwa hadi mwishoni mwa Mei. Hakikupatikana hata kipande cha mashua.

Mwaka 2012 alitangazwa kisheria kuwa amefariki. Tuzo ya ACM SIGMOD kwa tasnifu bora ya uzamivu kuhusu hifadhidata imepewa jina lake.