Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 17: Nani alilima shamba la Tippu Tip?



Leo tumtazame mtu ambaye kila aliyesoma historia shuleni anamjua: Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip. Alikuwa Muislamu mwenzetu, kwa hiyo tumtazame sawasawa, bila kumpamba na bila kumtukana.

Alizaliwa Unguja. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyeweka makazi Tabora na kumuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Hamed alipofika miaka kama 18 akaenda bara na baba yake: pwani hadi Tabora, halafu Ujiji, akavuka Ziwa Tanganyika kutafuta pembe za ndovu.

Tabora ile ilikuwa njia panda ya misafara. Wageni waliopita miaka ya 1870 walikuta mchele, ngano, vitunguu, ndimu na makomamanga kwenye mashamba na bustani za matajiri. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo kwa ujira. Sasa msafara wa mamia ya watu lazima ule, na chakula kilitoka kwa wakulima wa njiani, ama kwa kununuliwa, ama kwa mtutu wa bunduki.

Baadaye Tippu Tip akafanya makao Kasongo, Manyema, Kongo ya leo. Watu wa misafara ndio walioeneza kilimo cha mpunga kule. Wakati majeshi ya Wabelgiji yanaiteka Kasongo mwaka 1893, yeye alishaondoka kurudi Unguja. Walikuta mashamba makubwa ya mpunga, mahindi, miwa na michungwa.

Kwa macho ya mkulima, hiyo ni neema. Lakini hebu tuulize: nani alilima? Wengi walikuwa watumwa. Watu waliotekwa vijiji vyao vikachomwa na maghala yao yakaporwa, kisha wakapewa majembe walime kwa ajili ya aliyewateka. Kasongo ilishiba, na mahali pengine watoto walilala njaa.

Unguja nako inaelezwa alikuwa na mashamba 7 na watumwa wapatao 10,000. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na yamebaki kuwa hazina ya lugha yetu. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Yeye alifariki mwaka 1905.

Ndugu zangu, tuangalie dini yetu imeweka nini. Mtu akiharibu saumu ya Ramadhani kwa kumwingilia mkewe mchana, kafara ya kwanza ni kumwacha huru mtumwa. Akikosa, afunge miezi miwili mfululizo. Akishindwa, alishe maskini 60. Yaani saumu, uhuru wa mtu na tumbo la maskini vimefungwa kamba moja. Hilo lilikuwa linajulikana hata siku zile za misafara.

Na sisi je? Hatuna misafara, lakini mashamba tunayo. Kibarua aliyepalilia mpunga wako mwezi wa pili, umemlipa, au unamwambia asubiri mavuno? Ardhi unailima kila mwaka bila kuirudishia samadi, wanao watalima nini? Hapa Tabora miti ya miombo inakatwa kukausha tumbaku. Wewe uliyekata, umepanda mingapi?

Zaka ya mazao tunaijua. Yakifika kiwango, yaliyonyeshewa na mvua hutolewa fungu moja katika kumi, na yaliyomwagiliwa kwa gharama hutolewa moja katika ishirini. Tutoe. Ila tukumbuke, zaka haisafishi mali ya dhuluma. Haki ya mtu inarudi kwa mwenyewe kwanza. Ukimdai kibarua msamaha, mpelekee na pesa yake.

Amali ya leo: kabla ya magharibi, fikiria chakula utakachofuturu kimepita mikono ya nani. Kama kuna mmoja unayedaiwa naye, mpigie simu leo leo. Naye anataka kufuturu na watoto wake.

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali, utuepushe kula jasho la wenzetu, na uipe baraka ardhi yetu. Aamin.

Mtumie na mwenzio. Tukutane kesho in shaa Allah baada ya alasiri. 🌙