Denis Pritt: Wakili aliyetetea Kapenguria Sita

WENGI wanaopita katika Barabara ya Denis Pritt mtaani Kilimani, Nairobi, hawajui aliyepewa heshima hiyo alikuwa nani. Hakuwa gavana wala mlowezi. Alikuwa wakili kutoka Uingereza aliyekuja nchini mwaka wa 1952 kumtetea Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano, wakati ambapo serikali ya mkoloni ilikuwa imeshaamua wana hatia hata kabla ya kesi kuanza.

Denis Nowell Pritt alizaliwa viungani mwa jiji la London mnamo Septemba 22, 1887. Alisomea katika shule ya Winchester, mojawapo ya shule za watoto wa matajiri, na mwaka wa 1909 akaidhinishwa kuwa wakili. Kufikia 1927 alikuwa amepandishwa cheo na kuwa wakili wa Mfalme, hadhi inayotunukiwa mawakili waliobobea. Angeweza kuendelea kula vinono akishughulikia kesi za kibiashara. Badala yake, siasa za mrengo wa kushoto zilimvuta upande wa wale ambao dola iliwaona kuwa maadui wake.

Mwaka wa 1931, polisi wa Uingereza walimkamata Hong Kong mwanamapinduzi wa Vietnam aliyekuja kujulikana ulimwenguni kama Ho Chi Minh. Rufaa yake ilipofikishwa katika Baraza la Mfalme jijini London, Pritt ndiye aliyemwakilisha. Suala hilo lilimalizwa kwa maelewano na Ho akaponea kukabidhiwa Wafaransa. Mnamo 1933 Pritt aliongoza jopo la wanasheria lililochunguza kisa cha kuteketezwa kwa jengo la bunge la Ujerumani, likasema kuwa Wakomunisti walioshtakiwa na utawala wa Hitler hawakuhusika.

Alichaguliwa kuwa mbunge mwaka wa 1935, akafukuzwa kutoka chama cha Leba mwaka wa 1940 kwa kuunga mkono uvamizi wa Urusi nchini Finland, lakini wapiga kura wake wakamrudisha bungeni mwaka wa 1945 akiwa mgombea huru. Alipoteza kiti hicho mwaka wa 1950. Miaka miwili baadaye, wito kutoka Kenya ulimfikia.

Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 20, 1952, na Kenyatta kukamatwa usiku huo. Yeye pamoja na Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai, Achieng Oneko na Kung'u Karumba walishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau, chama kilichopigwa marufuku mwaka wa 1950.

Ni katika kesi hii ambapo mtazamo wa Pritt kuhusu mfumo wa haki unadhihirika wazi. Kwake, kesi haikuanza siku shahidi alipokula kiapo kizimbani. Ilianza pale serikali ilipochagua mahali pa kuisikilizia, nani awe hakimu, nani awe mkalimani, na nani aruhusiwe kumwona mshtakiwa. Anayemiliki hayo yote, kwa maoni yake, huwa ameshinda nusu ya kesi kabla wakili wa utetezi hajafungua kinywa.

Kapenguria ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa mbali na umma. Hapakuwa na hoteli wala maktaba ya sheria. Eneo hilo lilihitaji kibali kuingia, na kila asubuhi mawakili walisafiri kutoka Kitale, ambako ubaguzi wa rangi uliwalazimu wasiokuwa Wazungu kutafuta malazi kwingine. Kesi ilisikilizwa katika jengo la shule. Hapakuwa na baraza la wazee wa mahakama; uamuzi ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja, Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyerejeshwa kazini kwa ajili ya kesi hiyo. Wanahistoria wameandika kuwa alilipwa pauni 20,000 kisiri na serikali hiyo hiyo iliyokuwa mshtaki.

Pritt hakuwa peke yake. Alisaidiwa na Achhroo Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza, pamoja na H.O. Davies wa Nigeria, Chaman Lall wa India na Dudley Thompson wa Jamaica. Kwa pamoja walimpinga Louis Leakey kama mkalimani kwa kumwona mwenye kuegemea upande mmoja, hadi akaacha kazi hiyo. Pritt alipotuma simu kwa wabunge Uingereza kulalamika kwamba washtakiwa walikuwa wakinyimwa haki, aligeuzwa mshtakiwa mwenyewe kwa madai ya kudharau mahakama. Mahakama Kuu ilimwondolea lawama mwishoni mwa Desemba 1952, naye akarejea Kapenguria kuendelea na kazi.

Shahidi mkuu alikuwa Rawson Macharia, aliyedai kumwona Kenyatta akiwalisha watu kiapo mwaka wa 1950. Mashahidi kadhaa wa utetezi walikanusha madai hayo, lakini Thacker aliamua kumwamini Macharia. Mnamo Aprili 8, 1953, wote sita walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa yake mwaka uliofuata, lakini mlango wa gereza haukufunguka: serikali ilimzuilia bila kesi.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwaka wa 1958, Macharia aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo na kwamba aliahidiwa malipo, yakiwemo masomo ng'ambo. Serikali haikuifungua upya kesi ya Kapenguria. Ilimshtaki Macharia kwa kusema alikuwa amedanganya, akafungwa. Kwa Pritt, ambaye mwaka huo alichapisha kitabu kuhusu majasusi na watoa habari wanaotumiwa kama mashahidi, hayo hayakuwa ya kushangaza. Aliamini kuwa shahidi aliyenunuliwa hupimwa na dola kwa manufaa yake, wala si kwa ukweli wake.

Hata hivyo, nyani haoni kundule. Wakili huyu aliyeuona uozo wa mahakama za kikoloni aliketi Moscow Agosti 1936, Zinoviev, Kamenev na wenzao wakikiri makosa ambayo hawakuyatenda, kisha akaandika kuisifu kesi hiyo kuwa ya haki. Washtakiwa wote 16 walipigwa risasi. Mnamo 1988 mahakama ya juu ya Urusi ya Kisovieti iliwaondolea hatia Zinoviev na Kamenev. Hakimu aliyechaguliwa na dola na ushahidi uliopikwa, mambo aliyoyapinga kwa ujasiri Kapenguria, aliyafumbia macho pale dola ilipokuwa ya itikadi yake. Doa hilo halifutiki katika maisha yake.

Aliendelea kutetea wengine, wakiwemo wanafunzi wa chuo kikuu Singapore walioshtakiwa kwa uchochezi mwaka wa 1954, ambao waliachiliwa. Alifunza sheria katika Chuo Kikuu cha Ghana mwaka wa 1965 na 1966, na akaaga dunia Mei 23, 1972, akiwa na umri wa miaka 84.

Alikuwa ameishi kumwona mteja wake akiwa Rais. Aliishi pia hadi mwaka wa 1969, Achieng Oneko alipozuiliwa tena bila kesi, safari hii na serikali ya mwenzake wa kizimbani. Hakuachiliwa hadi 1975.

Leo, Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mshtakiwa haki ya kuchagua wakili, kupata muda wa kujiandaa, kuwasaili mashahidi na kupata mkalimani. Karibu kila haki hiyo ilipiganiwa katika darasa lile la Kapenguria na ikakataliwa au kubanwa. Kosa la Pritt kule Moscow nalo linafunza kwamba haki ya kusikizwa si ya rafiki pekee. Anayeidai kwa ajili ya wake na kuinyima kwa wapinzani, siku moja ataihitaji asiipate.