Jefferson: Rais aliyekata Injili kwa wembe

Ukisikia kuna rais aliyekaa na wembe akaikata Injili vipande vipande, utadhani alikuwa adui wa Yesu. Kumbe wala! Thomas Jefferson alifanya hivyo kwa sababu aliyapenda mafundisho ya Yesu kuliko ya mwalimu mwingine yeyote.

Alizaliwa Virginia Aprili 13, 1743. Akiwa na miaka 33 tu aliandika Azimio la Uhuru wa Marekani, na mwaka 1801 akawa rais wa tatu wa nchi hiyo. Kwenye kampeni wapinzani walimwita mtu asiyeamini Mungu. Yeye akakaa kimya.

Majibu aliyatoa faraghani. Mwaka 1803 alimwandikia rafiki yake, daktari Benjamin Rush, akimlinganisha Yesu na wanafalsafa wa kale kama Socrates na Cicero, na pia na dini ya Kiyahudi. Hoja yake ni hii: wanafalsafa walimfundisha mtu kujitawala na kuwapenda ndugu, marafiki na wananchi wenzake. Yesu akavuka mpaka huo, akawaweka binadamu wote kwenye familia moja. Tena akaingia hadi moyoni, kwenye nia, kabla tendo halijafanyika.

Kwa Jefferson, hapo ndipo Yesu alipoleta jipya. Miujiza hakuikubali kabisa.

Ndipo ukaja wembe. Alianza 1804 akiwa Ikulu. Kufikia 1820, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 75, alikuwa na kitabu cha kurasa 84 chenye aya za Injili kwa Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza, zimebandikwa kwa gundi. Kinaishia Yesu anazikwa na jiwe linavingirishwa mlangoni mwa kaburi. Basi, hakuna kufufuka.

Je, alikuwa sahihi? Wasomi wengi wanaona aliwapunja Wayahudi. Amri ya kumpenda jirani imo kwenye Mambo ya Walawi 19, na sura hiyohiyo inaagiza kumpenda mgeni pia. Hillel, mwalimu wa Kiyahudi aliyemtangulia Yesu, anakumbukwa kwa kufundisha kwamba usimtendee mwenzako lile unalolichukia. Linalotajwa sana kuwa la Yesu mwenyewe ni kuwapenda maadui. Na kwa waumini wengi, ukiuondoa ufufuko umeondoa kiini cha imani, hata kama maadili yote yamebaki.

Lakini doa kubwa zaidi liko nyumbani kwake. Maishani mwake Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600. Aliwaacha huru wawili akiwa hai, na watano kupitia wosia. Wanahistoria wengi wanakubali kuwa alizaa watoto na mmoja wa watumwa hao, Sally Hemings.

Alifariki Julai 4, 1826, miaka 50 kamili baada ya Azimio. Aliacha madeni makubwa. Januari 1827 watumwa wake wa Monticello wakapigwa mnada ili madeni yalipwe, na familia zikatawanyika.

Kitabu chake kipo mpaka leo kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Aya za kumpenda jirani zimo. Alizibandika kwa mkono wake mwenyewe.