Jicho Moja la Daktari Burkitt

Hapa Nyaramba, katika kaunti ya Nyamira, mwenye maumivu ya tumbo aghalabu huambiwa anywe dawa ya kuharisha, kisha angoje kupambazuke. Desturi hiyo hunikumbusha maisha ya daktari mmoja aliyewafunza wengi kuuliza kabla ya kujibu.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Akiwa mtoto wa miaka 11 alipoteza jicho moja. Mjini Dublin aliacha uhandisi akasomea udaktari, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili alitumika jeshini, hata hapa Kenya. Mwaka 1946 alikwenda Lira, Uganda, akiwa mpasuaji, na baadaye akahamia Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe wa taya uliowaua watoto, na mwaka 1961 akasafiri na wenzake wawili kiasi cha kilomita 16,000, hospitali hata hospitali, wakiuliza unapatikana wapi. Saratani hiyo sasa huitwa kwa jina lake.

Alirejea Uingereza mwaka 1966, akauliza swali jingine: mbona baadhi ya maradhi ya utumbo ni haba vijijini Afrika? Jawabu lake lilikuwa chakula chenye nyuzinyuzi. Alifariki mwaka 1993.

Somo hilo, ndugu msomaji, tusilikariri nusu. Chakula chetu hakizuii kila dhara. Utumbo mpana kujisokota ni jambo linalojulikana sana na wapasuaji wa Afrika Mashariki, hata miongoni mwa walao vyakula hivyo hivyo. Utumbo ukijisokota, mishipa yake hubanwa, damu haifiki, na sehemu hiyo yaweza kufa kwa muda wa saa chache. Tumbo huvimba na kuuma. Choo na hewa hukwama. Picha ya eksirei husaidia kuubainisha ugonjwa. Ikiwa utumbo ungali hai, daktari huweza kuukunjua kwa mpira upitishwao njia ya haja kubwa. Ukiwa umekufa, sharti ukatwe kwa upasuaji. Dawa ya kuharisha haifungui fundo hilo. Huula tu wakati wa mgonjwa.

Basi walimu na wanafunzi, na tuulize kama Burkitt: maumivu yalianza lini? Tumbo limevimba? Hewa inatoka? Majibu yakitisha, tusingoje kupambazuke.