Nahodha Aliyekunja Mikono ya Shati

Ukungu ukishuka hapa Meru na kuumeza Mlima Kenya, mimi humkumbuka Valentino Mazzola, marehemu nahodha wa Torino ya Italia.

Alizaliwa mwaka 1919 huko Cassano d'Adda, mtoto wa kimaskini. Alijiunga na Torino mwaka 1942. Klabu ilikuwa na doa: mwaka 1927 ilipokonywa ubingwa kwa tuhuma ya kumhonga beki wa Juventus. Mazzola aliwasahaulisha watu aibu ile. Timu ikilegea, tarumbeta lililia jukwaani, naye akakunja mikono ya shati. Hapo wapinzani wakajua leo wamekwisha. Msimu wa 1946-47 alitia mabao 29, na si mchezo!

Tarehe 4 Mei 1949, wakirejea kutoka Lisbon, ndege yao iligonga kilima cha Superga katika ukungu. Nyumbani palikuwa chini tu. Ndiyo kudura ya Mwenyezi Mungu. Walikufa watu 31. Mechi nne zilizosalia zilichezwa na vijana, na wapinzani, kwa uungwana, nao wakaingiza vijana. Ubingwa wa tano mfululizo ukapatikana.

Mwanawe Sandro, aliyeachwa na miaka 6, alitwaa Kombe la Ulaya na Inter mwaka 1964 na 1965.